Mtu wa Nne wa Kitanzini

Dispensari ya Kitanzini,
17 Januari 1955

Dada yangu Mastura,

Shikamoo. Tumefika salama, mimi na wifi yako Asmahani na mizigo yetu yote, isipokuwa kinu. Utingo wa basi aliapa kwamba hakukiona, na wakati anaapa alikuwa amekikalia. Mimba ya wifi yako imeingia mwezi wa sita na amri zake hazina mwisho: jana nimetumwa ukwaju, leo udongo wa kichuguu. Mimi dresa wa serikali, nimeinama njiani nabandua kichuguu, na wagonjwa wangu wananitazama.

Dispensari ni mpya, kuta nyeupe, madirisha ya vioo. Sasa hebu cheka. Wameijenga hapa kwa sababu kiwanja kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kulima wala kujenga tangu enzi za Mjerumani. Wakati wa vita vyao na Mwingereza, watu sita walinyongwa mahali hapa saa sita mchana, ati walipeleka habari kwa Waingereza. Walitundikwa kwenye mhimili wa chuma uliokuwa wa kupimia robota za mkonge. Fundi wetu aliukuta umelala kwenye nyasi, akaona si vibaya, akaufanya boriti ya baraza. Ninapokuandikia uko juu ya kichwa changu.

Wagonjwa wanakuja asubuhi, lakini ikifika saa tano wanatoweka wote, hata mwenye jipu lililoiva. Wanasema saa sita wale watu wanakoroma, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu yao ya kunyongwa. Nimekaa barazani saa sita siku nne mfululizo. Nimesikia tumbo langu tu, maana Asmahani anachelewesha chakula.

Mpe Baba shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Kombo Sadalla


Nguvumali, Tanga,
28 Januari 1955

Kombo,

Marahaba, dresa wa vichuguu. Kinu nitakutumia kingine, na safari hii kikalie wewe. Mwambie wifi yangu asikuonee huruma, akutume hata nyuki.

Barua yako nilimsomea Baba barazani wakati anakunywa kahawa. Nilipofika kwenye jina la Kitanzini akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Wangapi?" Nikamwambia sita. Akaweka kikombe chini, akasema niandike maneno yafuatayo, nisiongeze wala nisipunguze: "Mchukue mkeo mwondoke. Omba uhamisho leo."

Nikamuuliza kama anapajua. Akasema hajakanyaga huko. Nimemwamini, maana unamjua mwenyewe; mtu ambaye hata Pongwe hapaendi, harusi zote za Pongwe tunakwenda bila yeye, Kitanzini atapajulia wapi? Lakini alisema kwa sauti ambayo sikuipenda. Fanya kama alivyosema, angalau umridhishe.

Dada yako,
Mastura


Kitanzini,
19 Februari 1955

Dada yangu,

Sina mzaha leo. Zebedayo amekufa. Alikuwa Mshambaa wa Lushoto, ndiye aliyenifagilia na kunichemshia vyombo, mtu wa kuimba nyimbo za kanisani tangu alfajiri. Jumatatu saa sita alikuwa anapaka chokaa nguzo ya baraza, mimi nikiwa ndani napanga vidonge. Nikasikia kukoroma, kama mtu anavuta pumzi ambayo haiji. Mara moja. Mara mbili. Ilifika sita. Nilipotoka, Zebedayo alikuwa amekaa ameegemea nguzo, ulimi nje, na shingoni ana alama ya kamba. Kamba hapakuwa nayo. Nimetibu koo za watu miaka tisa, najua pumu na najua dondakoo. Hii siijui.

Mhimili tuliushusha siku ile ile tukaenda kuufukia mbali. Haikusaidia kitu, kwa sababu sasa ni Asmahani. Kila siku saa sita koo linambana, anageuka rangi, macho yanamtoka, na baada ya muda linamwachia. Nilimpeleka kwa shangazi yake Muheza, nikidhani tatizo ni mahali. Saa sita ikamkuta huko huko. Inaonekana aliyekwisha kulala juu ya ardhi hii wanamjua, ingawa mimi hawajanigusa. Uhamisho nimeomba mara mbili, nimejibiwa nifanye kazi niliyopewa. Naogopa, Dada. Naandika neno hili kwa mkono wangu ili ulijue.

Kuna bibi mmoja hapa, Bibi Mwanamkasi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili siku ile, akasimamishwa na kijiji kizima watazame. Anasema maiti walitupwa shimo moja, hawakuoshwa, hawakuvishwa sanda, hawakusomewa talakini. Maalim Miraji, mwalimu wa chuo cha Kurani, anasema tatizo liko hapo: aliyewekwa kaburini bila kufundishwa majibu atawafuata walio hai. Basi tutawasomea sasa, baada ya miaka arobaini. Kama ujuavyo, kwenye talakini maiti huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba. Watu wanazunguka vijijini kutafuta wajukuu wanaowakumbuka hao mama. Tumepanga Alhamisi ya tarehe tatu Machi.

Mwambie Baba atuombee.

Kombo


Kitanzini,
5 Machi 1955

Dada yangu,

Sijangoja jibu lako. Alhamisi tulisoma. Watu walijaa kiwanja chote. Maalim aliketi penye shimo akawaita mmoja mmoja, kwa mpangilio aliokumbuka Bibi Mwanamkasi. Jamaa za watu watano walikuja na majina ya mama wa marehemu wao. Mtu wa nne hakuwa na jamaa aliyekuja. Bibi alikumbuka jina lililosomwa na karani wa Kijerumani, Uweso, na mzee mmoja akasema huyo alikuwa mtoto wa Semeni, mwanamke mfinyanzi, ambaye ukoo wake wote umekwisha. Basi Maalim akamwita: "Ewe Uweso mwana wa Semeni, watakapokujia malaika wawili wakakuuliza, Mola wako nani, Mtume wako nani..." Akamsomea mpaka mwisho.

Kesho yake saa sita tulikaa wote uani penye jiko tukisikiliza. Kimya. Wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu kimya. Nilikuwa nimemshika Asmahani mkono, tayari machozi yananitoka kwa furaha. Kisha wa nne akakoroma, peke yake, kwa muda mrefu kuliko zamani zote. Wa tano na wa sita kimya. Asmahani alianguka juu ya mafiga. Amenusurika kuungua, lakini alama ya kamba iliyotokea shingoni haijaondoka mpaka leo.

Bibi Mwanamkasi anasema wa nne alikuwa kijana mwembamba, kanzu imemzidi urefu hadi anaikanyaga. Alipovishwa kitanzi alipiga kelele, "Si mimi! Si mimi!" Askari wakacheka. Nani huwa anakiri kwamba ndiye?

Maalim anasema amesoma sawasawa, kwa hiyo lazima kuna kosa kwenye jina. Baba ni rika lao. Muulize, tafadhali, kama alipata kumjua Uweso mwana wa Semeni, au kumsikia. Neno lolote. Naomba jibu upesi, Dada, mke wangu ananiishia mkononi.

Kombo


Nguvumali,
9 Machi 1955

Kwa Kombo Sadalla,

Barua yako imefika na nimeielewa. Nimemuuliza Baba, anasema hamjui mtu huyo wala hajamsikia. Wakati wa vita yeye alikuwa Mombasa, kama alivyotusimulia sikuzote.

Baba ana homa kidogo. Usihangaike.

Nakuletea zafarani na kombe aliloliandika shekhe wa mtaani kwetu, aya za kinga. Lioshe kwa maji ya mvua, umpe Asmahani anywe asubuhi kabla hajala kitu, siku saba. Limewasaidia watu wengi. Mimi naamini litatosha.

Habari za majina ya watu waliokufa usimwandikie tena Baba. Zinamchosha.

Wako,
Mastura Sadalla


Kitanzini,
14 Machi 1955

Dada,

Nimeipokea barua yako Ijumaa na nimeisoma mara nyingi. Haina utani hata mmoja. Hukumtania Asmahani, hukunitania mimi, na umeniandikia jina langu mpaka la baba kana kwamba unaandikia baraza la mji. Mimi nimekulia mgongoni mwako. Tangu utoto, ukiwa na jambo unaloficha unakuwa na adabu.

Kombe amekunywa siku mbili. Leo asubuhi halikupita, lilimrudi puani. Hawezi kumeza hata mate. Saa sita ya jana nilihesabu muda aliokaa bila pumzi, sikudhani angerudi. Na mtoto tumboni anapigapiga wakati ule ule, nimeweka mkono nimemsikia.

Kama kuna kitu mnakijua, wewe au Baba, kiseme. Sitauliza kwa nini hamkukisema mapema. Nakuapia sitauliza. Tupe tu jina.

Kombo


Nguvumali,
17 Machi 1955

Kombo ndugu yangu,

Jina ni Noa. Mama yake Ruthi. Ni Mbondei, ni Mkristo, kwao Pongwe karibu na kanisa. Kama una haraka acha kusoma hapa, nenda.

Ukirudi, soma haya. Ile Alhamisi mliyosoma talakini, Baba alikuwa amekaa barazani anashona ukindu. Saa sita akaacha ukindu ukaanguka. Akanyoosha miguu, akaweka mikono ubavuni, akaanza kujibu: "Mwenyezi Mungu ni Mola wangu. Muhammad ni Mtume wangu. Alkaaba ni kibla changu." Anajibu kama anayeulizwa, ananyamaza, anasikiliza, anajibu tena. Hakunisikia nilipomwita. Nilimwita Baba, nilimwita Sadalla, hakugeuka. Mwili ulikuwa wa baridi. Baadaye akazinduka, akaniambia, "Nimesomewa, Mastura. Nimesomewa nikiwa hai." Nilidhani ni homa.

Barua yako ya majina iliponifikia tarehe nane nikamsomea. Alifunika uso kwa shuka akanieleza yote. Sadalla ni jina alilojipa Mombasa. Yeye ni Uweso mwana wa Semeni. Bibi Salama aliyekuwa akituambia ni mama yake hakuwahi kuwapo.

Walifungwa kwenye ghala la mkonge, wao sita na vijana wengine waliokamatwa kwa kutoroka upagazi. Baba aliwahi kuwa boi wa Mjerumani, lugha yao aliisikia, akamsikia bwana akimwambia askari kwamba kesho wale sita wananyongwa na waliobaki watabebeshwa mizigo. Ndani mle alikuwamo Noa, kijana wa misheni wa miaka kumi na minane, aliyelia usiku kucha kwamba mama yake mjane hana wa kumchotea maji. Hapa naandika maneno ya Baba kama alivyoyasema: "Nikamwambia, kesho watakaoitwa majina kwanza ndio wanaoachiwa. Nakuhurumia wewe na mama yako. Vaa kanzu yangu, likiitwa Uweso itikia wewe, mimi nitaitikia la kwako. Akaitikia. Mimi nikabebeshwa mzigo kwa jina la Noa, nikatoroka njiani."

Basi ndiyo sababu hapaendi Pongwe.

Alinishika miguu, Kombo. Mtu mzima, baba yangu, alinishika miguu nisikuandikie. Akasema ngoja nife, sina siku nyingi, nizike kama Sadalla kisha useme utakalo. Nami nikafikiri juu ya watoto wangu wanaoitwa wajukuu wa Sadalla, na posa ya binti yangu Mwanaisha iliyoletwa juzi, nikajiambia kombe litatosha. Nimekaa na jina hili siku tisa. Nimelala nalo na nimepika nalo. Ilipofika barua yako jana sikuweza tena. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, asiipitishe posta.

Nijibu haraka kwamba Asmahani hajambo.

Mastura


Kitanzini,
22 Machi 1955

Mastura,

Asmahani alikufa Jumatano tarehe kumi na sita, saa sita na dakika chache. Barua yako ilifika Jumamosi, basi lilikwama kwenye tope siku moja.

Mtoto yu hai. Mama yake alipokwisha kukata roho, tumbo bado lilikuwa linacheza. Nilichukua kisu changu cha kazi. Sitaandika zaidi ya hapo. Ni msichana, mdogo kama sungura, ananyonyeshwa na binti wa Bibi Mwanamkasi.

Jumapili nilikwenda Pongwe nikangoja watu watoke kanisani. Mama Ruthi alikwisha fariki zamani. Nikaonyeshwa dada yake Noa, anaitwa Bertha, mwanamke wa miaka hamsini hivi, anauza maandazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu alinikaribisha kiti na sikuona haki ya kukikalia. Hakulia. Alisema mama yao alikufa akiamini mwanawe alikwenda kutafuta maisha akawasahau. Walikuwa wakimsema vibaya kila Krismasi.

Jana alikuja na katekista wao. Saa sita alisimama penye shimo akamwita kwa Kibondei, kama dada anavyomwita kaka yake aje kula. Alimwita mara tatu. Hatukusikia kukoroma. Hakuna aliyekoroma hata leo.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza swali moja tu. Alitaka kujua, kaka yake alipovaa ile kanzu na kuitikia lile jina, alikuwa na hofu au alikuwa na furaha. Nilimwambia sijui, anayejua yuko Nguvumali. Mwambie mzee wako akamjibu. Akikataa, nitakuja kumchukua mwenyewe.

Nilikuapia kwamba sitauliza kwa nini. Siulizi.

Kombo


Nguvumali,
27 Machi 1955

Kombo,

Nimelia mpaka watoto wamekimbilia kwa jirani. Asmahani ndiye aliyenitia hina nilipoolewa mara ya pili, na mimi ndiye niliyemnyima neno moja. Sitafuti pa kujificha. Naliandika: nimemuua wifi yangu kwa aibu ya posa.

Baba sikumbembeleza. Nilimsomea barua yako neno kwa neno, akaomba kanzu safi. Jana tulipanda basi. Pongwe tulimkuta Bertha uani, anakanda unga. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Baba alivua kofia, akasema, "Mimi ndiye Uweso." Bertha akaendelea kukanda. Akauliza lile swali.

 Nilidhani Baba atasema uongo mwingine, na nakiri nilimwombea aseme, maana ungekuwa uongo wa huruma. Hakusema. Alisema, "Alifurahi. Alinishika mikono miwili akanishukuru. Askari alipokuwa anafungua mlango akaniuliza kama kanzu inamkaa vizuri, maana alitaka mama yake amwone amependeza."

Bertha aliondoka akaingia ndani, unga umebaki kwenye sinia. Tulimngoja mpaka alasiri. Hakutoka. Nikamshika Baba mkono tukarudi.

Hajala tangu jana. Saa sita ikifika bado ananyoosha miguu na kujibu maswali ya kaburini, kila siku. Shekhe hana dawa. Anasema hakuna aya ya kumrudisha mtu aliyesomewa.

Naomba mtoto. Niletee nimlee, nimfanyie yale niliyoshindwa kumfanyia mama yake. Usininyime, Kombo. Nipige, nitukane, lakini usininyime.

Dada yako,
Mastura


Kitanzini,
4 Aprili 1955

Mastura,

Mtoto simleti.

Tangu Bertha amwite kaka yake, tulikaa siku kumi bila kusikia kitu. Wagonjwa walianza kubaki mpaka alasiri, na wengine wamepeleka mbuzi wao kula majani penye lile shimo. Ijumaa iliyopita nilikuwa nafunga kidonda cha mkata mkonge mmoja, saa sita, nikasikia kukoroma mara moja barazani. Niliijua sauti. Nimeketi kando yake mwezi mzima nikiihesabu.

Nilimwendea Maalim Miraji. Akanikumbusha kwamba Asmahani alioshwa, alivishwa sanda, alisaliwa, na talakini alisomewa kwa jina lake na jina la mama yake. Hakikupunguka kitu, kwa hiyo hakuna cha kumsomea. Aliniuliza kama kuna mtu ambaye Asmahani anamdai. Nikaaga nikaondoka.

Mimi hanigusi. Mtoto alikuwa amelala hapo hapo barazani kwenye kitanda cha kamba, hata hakushtuka. Sauti ilipita tu, ikateremka ngazi. Juzi mwenye duka la njia panda amesema ameisikia kwake, saa sita. Jana dereva wa basi, huyu huyu anayekuletea barua hii, ameniuliza ni mgonjwa gani anayekoroma kando ya barabara upande wa kwenda Pongwe, maana amesimamisha gari akashuka na hakuona mtu.

Haendi haraka. Lakini kutoka Pongwe hadi Nguvumali si mbali.

Saa sita, Dada, usikae peke yako.

Kombo